Jinsi ya kulisoma jina la ukoo la Kiselti kuanzia herufi za mbele

Ukikutana na jina la Kiselti (yaani la asili ya Ireland, Scotland, Wales na majirani zao) kama McBride, O'Brien au Price, anza na zile herufi za mbele kabisa, maana hapo ndo pameandikwa huyu ni wa nani. Ila kwanza ile stori ya mtandaoni eti Mc ni Muayalandi na Mac ni Mskoti, achana nayo. Ni kitu kilekile, Mc ni Mac iliyokatwa katika maandishi tu (zamani waliandika hadi M'), na zote mbili zimejaa pande zote mbili.

Mac maana yake mwana wa, kama bin tu. Sasa angalia kinachofuata, maana si lazima liwe jina la mtu: Macintyre ni Mac an t-Saoir, mwana wa seremala, MacNab ni mwana wa abate, na Mactaggart ni mwana wa padri, wala usishtuke, enzi hizo huko padri kuwa na familia halikuwa jambo la ajabu. Pia kuna giolla, mtumishi, ambayo mara nyingi imejificha. McBride kwa urefu wake ni Mac Giolla Bhríde, mwana wa mtumishi wa Mtakatifu Brigid, kumbe huyo giolla kamezwa mzimamzima!

O ni mjukuu, baadaye ikawa uzao wote. Kina O'Brien wanajihesabu kwa Brian Boru, mfalme wa Ireland aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014. Kwa Kiayalandi huandikwa Ó Briain bila apostrofi yoyote, hiyo apostrofi ni mambo ya makarani wa Kiingereza. Na kukosa O sio ushahidi wa chochote, kwa sababu chini ya utawala wa Uingereza familia nyingi ziliangusha O na Mac, alafu mwishoni mwa karne ya 19 watu wakaanza kuzirudisha, wengine wakarudisha wengine wakaacha, so Connor na O'Connor wanaweza kuwa ukoo mmoja kabisa.

Kwa wanawake mambo yanabadilika, ukiwa unasoma Kiayalandi chenyewe. Binti wa kina Ó ni Ní, binti wa kina Mac ni Nic, na herufi inayofuata mara nyingi inalainishwa kwa h. Mwimbaji Enya jina lake la kuzaliwa ni Eithne Ní Bhraonáin, ukoo ni Ó Braonáin, ambao kwa Kiingereza ni Brennan. Usije ukadhani ni koo tatu.

Wales ndo utamu wenyewe. Kule mwana ni mab, ikabaki ap, au ab mbele ya irabu, na Waingereza walipotaka majina ya ukoo yasiyobadilika kila kizazi hiyo a ikadondoka, p au b ikagandana na jina la baba. Ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Huw akawa Pugh, ab Owain akawa Bowen, ab Evan akawa Bevan. Kwa hiyo jina likianza na P au B, ifunike hiyo herufi kwa kidole kisha soma kilichobaki kwa sauti, kama linasikika jina la Kiwelisi umeshapata. Brown haipiti hapo, usilazimishe.

Kisiwa cha Man, kilicho kati ya Ireland na Uingereza, nao walibakiza mkia tu wa Mac, ile sauti ya k: Quilliam ni mwana wa William. Cornwall, kule kusini-magharibi mwa Uingereza, ni habari nyingine, Tre, Pol na Pen ni makazi, bwawa na kichwa au mwisho wa mahali, hamna baba hapo.

Mwisho Fitz. Hiyo sio ya Kiselti, ni Kifaransa cha Wanormani (watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa), fils, mtoto wa kiume, ndo maana Fitzgerald ni ukoo wa waliokuja Ireland na Wanormani. Ila Fitzpatrick anakuvuruga tena: wale ni Wagaeli, yaani wenyeji wa Ireland wenyewe, Mac Giolla Phádraig, walibadilisha koti tu.