Kupima sumu ya maji kwa viroboto-maji
Tumia dafnia (ndio viroboto-maji, wadudu wadogo wa majini) wasiofikisha saa 24 tangu kuzaliwa. Changanya maji ya mtaro na yale waliyofugiwa: ya mtaro yawe asilimia 100, 50, 25, 12.5 na 6.25, pamoja na ya ulinganisho yasiyo na ya mtaro. Kila kiwango vikombe vinne, dafnia watano kila kimoja. Usiwalishe.

Baada ya saa 24 na 48, zungusha kikombe taratibu. Asiyeogelea ndani ya sekunde 15 amelemaa. Anayezunguka palepale bado mzima, ila mwandike pembeni.

Angalia maji ya kuwafugia na kuchanganyia: klorini ya bomba huwaua, na visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Joto la Novemba nalo! Weka vikombe kwenye beseni lililozungushiwa gunia bichi, nyuzi 18 hadi 22. Kwenye ulinganisho wakilemaa zaidi ya wawili kati ya 20, rudia.