Jinsi ya kusoma picha za volkano na milima ya Io

Io, mwezi wa Jupita, ndo volkano zake zinalipuka zaidi kuliko sehemu yoyote kwenye mfumo wa jua, na chombo cha Juno cha NASA kiliupitia kwa umbali wa kilomita kama 1,500 tu tarehe 30 Desemba 2023 afu tena 3 Februari 2024. Picha ghafi ziko wazi, yeyote anadaunlodi.

Ukifungua picha usikimbilie rangi. Anza na mpaka wa mchana na usiku, maana hapo jua liko chini na kivuli cha mlima kinarefuka mpaka unaona ncha zake zilivyochongoka, uzuri wake we acha tu! Pima kivuli, zidisha kwa tanjenti (tan kwenye kikokotoo) ya pembe ya jua juu ya upeo wa macho, umepata kimo, ila ardhi kivuli kinapoangukia iwe tambarare.

Volkano usizitafute milimani, milima mingi ya Io si volkano kabisa. Tafuta doa jeusi kama ziwa, mfano Loki Patera, upana wake kilomita kama 200.

Mwisho ongeza mwanga ukingoni mwa mwezi, ukiona kama mwavuli hafifu hiyo ni gesi na vumbi vinarushwa juu, hivyohivyo ndo Linda Morabito, mhandisi wa NASA, alivyogundua mlipuko mwaka 1979 kwenye picha ya chombo cha Voyager 1.