Unga wa faba nyumbani: kazi yote iko kwa kukausha

Jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, anauza chapati na uji wa asubuhi, na juzi tumemaliza kusaga kilo 2 za faba pamoja, nikaona heri niandike yote mahali pamoja. Faba ni aina ya maharagwe makubwa, ndio ile Wamisri wanapikia ful, na Waethiopia wanaiita bakela. Protini ni zaidi ya robo ya uzito wake, ina laisini, sehemu moja ya protini ambayo mahindi na ngano zina kidogo tu, na shambani bakteria wa kwa mizizi wanaichukulia naitrojeni kutoka hewani, kwa hivyo mkulima anaokoa pesa ya mbolea. Tena inapenda baridi, kama ile ya nyanda zetu za juu. Mimi naipenda sana na ningetaka kila kibanda kiijue.

Lakini hii kwanza, usiiruke. Kuna watu damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, kinacholinda chembe za damu, na ni jambo la kawaida zaidi kwa jamii za sehemu zenye malaria, kama Pwani na kando ya ziwa. Mtu kama huyo akila faba, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika hadi alazwe. Kuloweka na kupika kunapunguza kemikali za faba zinazoleta hivyo lakini haziishi. Mwenye shida hiyo asile kabisa, mtoto mdogo ambaye hujui hali yake usimpe, na ukiuza waambie wateja.

Hatua ya 1: Kununua. Mimi huenda Eastleigh. Chagua zenye rangi ya chai ya maziwa, zile za kahawia iliyokolea zimekaa stoo sana. Angalia matundu ya fukusi. Ukipata zilizomenywa na kupasuliwa, chukua hizo uende moja kwa moja hatua ya 3.

Hatua ya 2: Kuloweka na kumenya. Loweka usiku mzima, badilisha maji mara 2, na usipikie hayo maji. Asubuhi zitupe kwa maji yanayochemka dakika 3 hivi, epua, mwagia maji baridi. Hapo maganda yanatoka ukifinya tu, na ile harufu ya majani mabichi inapungua. Magadi usiweke, wengi wanashauri hivyo ganda lilainike lakini unga unabaki na ladha ya sabuni.

Hatua ya 3: Kukausha. Hapa ndio niliharibu kilo nzima mwaka jana. Ilikuwa Julai, mnajua Nairobi Julai ilivyo, nikaanika faba nzima nzima kwa veranda siku 2, nikazishika zikawa ngumu, nikapeleka kisiagi. Nje zilikuwa zimekauka, ndani bado mbichi. Mashine ikaziba, jamaa wa kisiagi akakasirika na alikuwa na haki, unga ukatoka na madonge na baada ya siku 4 ukanuka uchachu.

Sasa nafanya hivi. Wakati wa kumenya, kila moja naipasua vipande viwili, maana faba nzima inaficha maji katikati. Natandaza kwa kitambaa safi, mstari mmoja bila kurundika, juani, nageuza kila saa na jioni naingiza ndani kabla umande. Kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo usingoje jua, weka sufuria pana kwa moto mdogo kabisa ukoroge bila kuondoka. Hata za juani namalizia kwa sufuria dakika 15 au 20, hadi zinukie kama njugu. Zikianza kuwa kahawia moto ni mwingi, utapata uchungu.

Halafu jaribio la chumvi. Acha zipoe, jaza theluthi ya chupa ya jamu iliyo kavu kabisa, ongeza vijiko 2 vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikishika kwa kioo, bado kuna unyevu, rudisha juani. Chumvi yenyewe ikiwa na majimaji jaribio litakudanganya, ikaushe kwanza. Jirani aliniambia, "Kijana wangu, si hizi zimekauka, skia vile zinalia." Nikamwambia, "Mama, ngoja tuone chumvi." Kioo kikajaa weupe pande zote. Tukaanika siku moja zaidi.

Hatua ya 4: Kusaga. Kisiagi, sio blenda, blenda inaacha chenga na kuchoma mota. Usisage nyuma ya mtu wa pilipili. Chekecha, weka kwa mkebe unaofunga.

Hatua ya 5: Kuchanganya. Chapati: gramu 150 za faba kwa gramu 850 za ngano. Faba haina gluteni, ule mnato wa ngano unaoshika donge, kwa hivyo ukipita hapo sana chapati inapasuka ukikunja. Unga huu unakunywa maji, ongeza kidogo kidogo na uache donge lipumzike nusu saa. Uji: kikombe 1 cha faba kwa vikombe 4 vya wimbi au mahindi, koroga na maji baridi kwanza, uchemke dakika 20 kamili. Jirani amebandika karatasi kwa kibanda, "Chapati ina faba", na anaanza na chapati 20 kwa siku.