Siku ya mapukutiko ya watu wawili: kutoka Minneapolis asubuhi na kurudi kabla ya giza

Matembezi ya mume na mke huharibika kabla hata hamjatoka mlangoni, na mara nyingi kosa ni moja: mmepanga mengi mno. Maporomoko ya Minnehaha asubuhi, shamba la matufaha mchana, duka la Waafrika mkirudi kununua unga, halafu mpitie kwa shemeji kusalimia. Siku kama hiyo mtarudi mmechoka kuliko mlivyoondoka. Kwa siku ya mapukutiko, majira ya majani kugeuka rangi na kuanguka, chagueni sehemu mbili tu: msitu wa kutembea, na shamba la matufaha lililo njiani. Basi.

Maelezo haya ni ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, ambako Wakenya ni wengi na Kiswahili si kigeni. Kamusi nyingi huyaita majira haya vuli, lakini aliyekulia Pwani akisikia vuli hutazama juu kutafuta mawingu ya mvua. Mapukutiko ni jina linalofaa zaidi, maana linataja kitu chenyewe mnachokwenda kukiona.

Siku gani mtoke

Majani hayageuki rangi siku moja jimbo zima. Kaskazini, kwenye vilima vya juu ya Ziwa Superior, rangi hufika kileleni katikati hadi mwisho wa Septemba. Kuzunguka Minneapolis ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mialoni huja nyuma ya wote, na majani yake ya rangi ya kahawia-nyekundu hung'ang'ania tawini hata wenzake wakiwa wamebaki matawi matupu. Idara ya maliasili ya jimbo hutoa kila wiki ramani ya rangi kwenye intaneti, ikionyesha kila eneo limefika asilimia ngapi. Msisubiri lifike kileleni kabisa. Likipita nusu tu, nendeni. Usiku mmoja wa upepo na mvua unatosha kuumaliza msitu uliokuwa unawaka jana yake.

Sababu ya rangi ni rahisi, na mkiijua mtachagua siku vizuri. Mchana ukipungua, mti huacha kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Manjano ilikuwemo humo tangu mwanzo, sasa inaonekana. Nyekundu ya mti wa mepo (maple) ni jambo jingine: hiyo hutengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Ndiyo maana siku za jua kali kidogo na usiku wa baridi isiyofika kugandisha hutoa wekundu mzuri, na wiki nzima ya mawingu hutoa msitu wa rangi zilizofifia. Mkiona juma lenye siku tatu nne za jua zimefuatana, ombeni ruhusa kazini.

Kwa wanaofanya kazi za zamu, katikati ya wiki ni bora kuliko Jumamosi. Njia za msituni huwa tupu, na kwenye hifadhi zilizo karibu na mji hamgombanii maegesho. Tatizo la katikati ya wiki ni mashamba ya matufaha: mengi hufungua kuchumia kwa siku maalumu tu, kwa hiyo pigeni simu siku moja kabla na muulize mambo mawili, kama kuchuma kupo, na ni aina gani iliyo tayari.

Sasa saa. Tarehe 10 Oktoba jua huchomoza yapata saa 1:20 asubuhi na kuzama saa 12:40 jioni. Ondokeni saa 3, muwe msituni saa 4, mle saa 7, shambani saa 8 na nusu, nyumbani kabla giza halijaingia. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, jua linazama karibu saa 11 jioni, na mpango huu hautoshi tena.

Chai, na kwa nini hukatika

Chai ya maziwa ndiyo roho ya siku hii, na ndiyo inayokosewa zaidi. Kwa chupa ya lita moja: maji vikombe viwili na nusu, maziwa vikombe viwili, majani vijiko vitatu vya chai, iliki tano zilizopondwa, na tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

Pondeni tangawizi, muitie kwenye maji pamoja na iliki, ichemke dakika tano kamili ndipo majani na maziwa yaingie. Anayetia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu ataona chai imekatika mabonge, akalaumu maziwa ya dukani. Maziwa hayana kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kuchemsha ndiko kunakokiua. Baada ya maziwa kuingia, ichemke ipande mara mbili, kisha ichujwe vizuri. Majani yakibaki ndani ya chupa, kufika saa 7 chai imekuwa chungu.

Chupa yenyewe ijazwe kwanza maji yanayochemka, ifungwe dakika kumi, maji yamwagwe, ndipo chai iingie. Chupa baridi hunywa joto la chai yote kabla hamjafika barabara kuu. Jazeni mpaka karibu na mdomo, kwa sababu nafasi tupu ya hewa nayo hupoza. Sukari tieni ya yule anayetumia kidogo, na nyingine ibebwe kwenye kikebe. Mwenye kupenda tamu ataongeza kikombeni, na hakuna atakayekunja uso. Chai ya maziwa inyweni siku hiyo hiyo ikiwa bado ya moto. Ikishapoa na kuwa vuguvugu, bakteria huanza kuzaliana, kwa hiyo iliyobaki jioni imwagwe.

Chapati nne zinatosha watu wawili, mbili zikiwa zimekunjwa na yai ndani. Chapati ya moto isifungwe kwenye foili moja kwa moja. Mvuke hugeuka maji na mtakuta tepetepe. Ifungeni kwanza kwenye kitambaa cha pamba, kisha foili juu. Sambusa zipoe kabisa kwenye chekecheke kabla ya kufunikwa, vinginevyo manda hulainika.

Nguo na mkeka

Asubuhi ya Oktoba huweza kuwa nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, mchana 14 au 15. Koti moja zito halifai: ukitembea unatoka jasho, ukikaa jasho linakuwa barafu mgongoni. Vaeni tabaka tatu ambazo kila mtu ataweza kuzipunguza na kuziongeza, na ya ndani kabisa isiwe ya pamba, maana pamba hushika jasho. Wengi hujilinda na hewa wakasahau ardhi. Baridi inayowafukuza watu kwenye pikiniki hutoka chini. Beba ule mkeka wa plastiki wa kukunja, utandike kwanza, blanketi juu yake, na kitenge kimoja kizito cha kujifunika magoti wote wawili. Bila mkeka, blanketi litanyonya unyevu wa majani kwa dakika kumi tu.

Viatu viwe na meno. Majani yaliyolowa juu ya jiwe huteleza kama maganda ya embe.

Msituni

Kwa utulivu, William O'Brien State Park kando ya Mto St. Croix ni chaguo zuri, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Minneapolis. Kuna njia tambarare inayofuata mto, hata mwenye magoti mabovu anaimudu, na nyingine za vilima kwa wenye nguvu. Interstate State Park, karibu na mji wa Taylors Falls, ina miamba ya kupendeza na mashimo marefu yaliyochimbwa na maji ya barafu ya kale iliyoyeyuka, lakini wikiendi za Oktoba hujaa mapema. Hapo fikeni asubuhi sana au muende siku ya kazi. Gari linahitaji kibali cha kulipia katika hifadhi za jimbo.

Tembeeni kwa mwendo wa aliye polepole. Kilomita tatu kwa saa moja na nusu si uvivu, ndiyo kasi ya kuona vitu. Simu moja izimwe, nyingine ibaki kwa ramani iliyopakuliwa mapema. Mambo ya ada, kodi ya nyumba na hela za kutuma nyumbani yapewe siku yake. Yakianza ndani ya gari mkienda, mtayabeba njia nzima.

Jua la Oktoba hubaki chini hata saa 6 mchana, na hilo litumieni. Mkisimama jua likiwa nyuma yenu, mti wa mepo ni mwekundu tu. Zungukeni upande wa pili, mtazame majani jua likiwa nyuma yake: kila jani linawaka kwa ndani, mishipa yake inaonekana kama ya kiganja kilichowekwa mbele ya taa. Kisha tafuteni gogo, mkae robo saa bila kusema neno. Dakika tano za kwanza ni ngumu kwa mtu aliyezoea pilikapilika. Baada ya hapo mtasikia jani likigonga matawi likishuka, kindi wakifukua chini kuficha matunda ya mialoni, na mabata bukini wakipita juu kwa mstari uliopinda kuelekea kusini. Mmiminieni mwenzenu chai kwanza, ndipo mjimiminie.

Jambo la hatari: kupe wa kulungu, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, bado wako hai Oktoba, na huendelea mpaka baridi ya kweli iingie. Suruali iingizwe ndani ya soksi. Mkifika nyumbani kaguaneni nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele; ni kazi ambayo mtu peke yake haiwezi vizuri. Kupe aliyeshika hutolewa kwa kibano kilichomkamata karibu kabisa na ngozi, akavutwa taratibu moja kwa moja. Kumpaka mafuta au kumchoma kunachelewesha tu. Na mkitoka Novemba, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huwa umeanza, kwa hiyo vaeni vizibao vya rangi ya chungwa na msome matangazo ya hifadhi kabla ya kwenda.

Shambani

Aina mbili za kuuliza ni Honeycrisp na Haralson, zote zimezalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota. Haralson ilitolewa 1922, Honeycrisp 1991. Honeycrisp hupasuka mdomoni kwa maji na utamu. Haralson ni kali, na kwa kupika ndiyo bora.

Usichague kwa wekundu peke yake. Tazama rangi ya chini ya wekundu, karibu na kikonyo: ikiwa kijani kibichi, acha, ikielekea manjano, limeiva. Anzeni matawi ya nje yaliyopata jua. Shika tufaha kwa kiganja kizima bila kubana kwa vidole, maana alama ya kidole leo ni doa la kahawia kesho. Linyanyue kuelekea juu huku ukilizungusha kidogo. Lililoiva huachia lenyewe na kikonyo chake. Likikataa, liache. Kulivuta chini kwa nguvu huvunja kile kijitawi kifupi kinene kilicholibeba, na hapo ndipo maua ya mwaka ujao yangetokea. Mmemwibia mkulima tunda la mwaka kesho.

Liwekeni mfukoni, msilitupe. Ngozi ya Honeycrisp ni nyembamba na kikonyo chake kigumu hutoboa jirani, ndiyo maana wakulima wengi hukikata. Yaliyoanguka chini msiokote, kwa kuwa kulungu hupita hapo na kinyesi chao. Mfuko wa kilo nne na nusu, kama matufaha 25 hadi 30, unawatosha wawili. Wa kilo tisa unavutia kwa bei, lakini nusu yake itaozea jikoni.

Kinywaji cha saida (cider) kinachouzwa hapo huwa ni juisi nzito isiyochujwa, haina kilevi. Yenye kilevi huandikwa waziwazi kuwa ni kali (hard), kwa hiyo asiyekunywa asome chupa. Kama haikupashwa moto kuua vijidudu, kutakuwa na onyo kwenye lebo, na mke mjamzito asiinywe mpaka ichemshwe.

Kurudi, dereva apunguze mwendo jua linapozama. Oktoba na Novemba ni wakati wa kulungu kutafutana, na hukatiza barabara jua likizama. Akipita mmoja, subirini. Mara nyingi yuko wa pili nyuma yake.

Kuhifadhi

Matufaha yachambueni usiku huo huo. Mazima yaende kwenye droo ya friji ndani ya mfuko wenye matundu, mbali na karoti na mboga za majani, kwa sababu tufaha hutoa gesi inayotia karoti uchungu na kugeuza mboga kuwa njano. Kila wiki yapekueni, linaloanza kuoza litoke. Yenye michubuko hayakai, yapikeni. Menyeni ya Haralson mawili, myakate vipande vya unene wa kidole, siagi kijiko kimoja, sukari vijiko viwili, iliki mbili zilizosagwa, moto wa wastani dakika nane bila kufunika. Mkifunika, hutoa maji na kuwa uji.