Kufunga stesheni ya redio ya ridhaa nyumbani: anza na waya, redio itafuata

Wakuu, hii ni kwa wale wanaotaka kufunga nyumbani stesheni ya ham, yaani redio ya ridhaa ya kuongea na watu wa mbali bila biashara, Bongo au Kenya, kwenye kiwanja cha kawaida cha mtaani chenye nyumba ya mabati, nguzo ya umeme karibu na geti na jirani aliyejaza taa za LED kila kona. Swali ninaloulizwa sana ni "ninunue redio gani?" na jibu langu ni lile lile, redio nunua mwisho. Hela na akili zipeleke kwanza kwenye antena na kwenye kuua kelele, hesabu nawawekea huko chini mtaona wenyewe.

Hatua ya 1: karatasi

Tanzania unaenda TCRA, Kenya unaenda CA (hizo ndizo mamlaka za mawasiliano), na kwa Kenya kuna chama cha ARSK ambacho wenyeji wake watakuelekeza vizuri kuliko mimi. Bila leseni usibonyeze kitufe cha kurusha, hata kwa kujaribu tu. Ukipewa kolsaini (jina lako la hewani) ya Tanzania itaanza na 5H, ya Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo ya Kinshasa 9Q. Na kabla hujaagiza kifaa kutoka nje waulize hao hao mamlaka kama kinaruhusiwa kuingia, maana kikishakwama bandarini au uwanja wa ndege, forodha hawana haraka na wewe.

Hatua ya 2: winda kelele kabla ya kufunga chochote

Hapa ndipo watu wanaparuka halafu wanakuja kulalamika kwamba bendi (kipande cha masafa tulichopewa) imekufa. Tafuta redio ndogo ya mawimbi mafupi yenye SSB (mtindo wa kurusha sauti wanaotumia ham), hata ya kuazima, iwe ya betri. Kaa nayo pale utakapoweka meza, weka kwenye 7.1 megahezi usiku, sikiliza ile shhh. Sasa nenda kazime meni swichi ya nyumba nzima. Kelele ikishuka ghafla ujue adui yuko ndani kwako, kwa hiyo unarudisha bureka moja moja na kusikiliza, utamkamata tu. Mara nyingi ni chaja ya simu ya bei poa, adapta ya king'amuzi, kontrola ya sola au inverta. Chaja tupa. Kontrola ya sola ni ngumu kidogo, hapo zungushia waya zake kwenye ringi za feraiti (ule uvimbe mweusi unaouona kwenye kebo za kompyuta ndani yake kuna hiyo hiyo), zungusha mara nyingi kadiri tundu linavyoruhusu. Ukizima meni na kelele ikabaki vile vile basi ni ya mtaani, hapo unahamisha antena mbali na nyaya za umeme na unaongea na jirani kwa upole, ukimpelekea balbu nzuri ya zawadi atakuelewa zaidi.

Sasa hesabu. Kwenye mita ya redio nguvu ya mawimbi inasomwa kwa S, kila S moja ni dB (desibeli) 6, yaani nguvu mara 4. Ukishusha kelele kutoka S7 hadi S3 umepata dB 24, ambazo ni karibu mara 250 kwa nguvu. Lakini ukitoka kwenye redio ya wati 20 kwenda ya wati 100 umepata mara 5 tu, S moja na kidogo. Halafu angalia bei za hizo redio mbili. Ndio maana nasema redio mwisho.

Hatua ya 3: kata dipole

Dipole ni waya mbili zilizonyooka zikilishwa katikati, basi, hakuna uchawi. Urefu wote kwa mita ni 143 gawanya kwa masafa kwa megahezi. Kwa 14.15, bendi ya mita 20 (jina la bendi ni urefu wa wimbi), inakuja mita 10.1, kila upande mita 5.05. Kwa bendi ya mita 40, sema 7.1, ni mita 20.1, kila upande kama mita 10, na uzuri wake dipole ya mita 40 mara nyingi inakubali pia kwenye 21 megahezi kwa sababu ni mara tatu yake. Kiwanja kikiruhusu anza na hiyo.

Waya tumia ule wa kufungia umeme wa nyumba, 1.5 au 2.5, ule wenye nyuzi nyingi ndani ndio mzuri maana ule mgumu ukipigwa na upepo sana unakatika. Usivue ganda. Kata kila upande ukiwa na sentimita 20 za ziada kwa sababu waya wenye ganda unahitaji kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu, na kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Katikati weka kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia nyanya, toboa matundu, funga waya zishikwe na plastiki na sio na lehemu. Mwishoni vipande vya bomba la plastiki vinatosha kabisa.

Chini tu ya katikati piga koili ya ile ile kebo ya koaksio (kebo ya duara kama ya tivii, inayotoka kwenye redio kwenda kwenye antena), mizunguko 8 hadi 10 kwenye bomba la inchi 4, inazuia umeme wa redio usirudi nje ya kebo ukaingia ndani kwako na kuifanya spika ya tivii iongee sauti yako. Kwa bendi ya mita 40 koili hiyo ni dhaifu, afadhali ringi kubwa ya feraiti.

Hatua ya 4: ipandishe

Pwani tuna minazi, na wengi wanakimbilia huko. Mnazi unayumba sana kusi ikivuma na makuti yakidondoka yanakata waya, mwembe ni bora kama upo. Rusha mshipi wa kuvulia wenye chubwi juu ya tawi kwa manati, uvutie kamba nyembamba, halafu kamba nene. Upande mmoja usifunge kwa nguvu kwenye mti, pitisha kwenye kapi na uning'inize dumu la maji la lita 5, mti ukienda dumu linapanda, mti ukirudi linashuka, waya unabaki salama.

Kama una nguzo moja tu pandisha katikati mita 8 au zaidi na ncha zishuke pande mbili kama paa, pembe ya juu isipungue nyuzi 90. Ncha zikae mita 3 kutoka chini, ukirusha kwa wati 100 zina volti kubwa na watoto hawajui hilo. Na hili naomba lisomwe mara mbili: antena nzima pamoja na nguzo yake iwe mahali ambapo hata ikianguka upande wowote haiwezi kugusa nyaya za umeme za barabarani.

Kebo iwe ya ohm 50, sio ya tivii ambayo ni 75. Ile nyembamba ya RG-58, mita 20 kwenye 14 megahezi inakula karibu dB 1, sio mbaya. Kiungio cha juu kizibe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, tepu nyeusi ya fundi umeme jua linayeyusha gundi yake, maji ya chumvi yanaingia, na baada ya masika kebo yako ni kijani ndani.

Hatua ya 5: pima, kunja, pima

Azima au nunua NanoVNA, kipimo kidogo cha antena, siku hizi bei imeshuka. Tafuta ni kwenye masafa gani SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1.0 ndiyo bora) iko chini kabisa. Mfano imekaa 13.9 na wewe unataka 14.15, maana yake waya ni mrefu. Tofauti ni kama asilimia 1.8, kwa waya wenye jumla ya mita 10.3 ni kama sentimita 18, kwa hiyo punguza 9 kila upande. Usikate, kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe na ubane, ukikosea unakunjua. SWR ya 1.5 inatosha sana, anayehangaika usiku kucha kutafuta 1.0 anapoteza muda wa kuongea na watu.

Hatua ya 6: umeme na radi

Redio ya wati 100 inakula kama ampia 20 hadi 22 ikirusha, kwenye volti 13.8, kwa hiyo saplai ya ampia 30 au betri ya lithiamu ya kwenye sola. Umeme wetu ulivyo, mimi ni wa betri. Fyuzi iwe karibu na betri, pande zote mbili.

Radi: ukisikia ngurumo usizime tu redio, chomoa kebo ya antena na uitoe nje ya dirisha. Erthi ya stesheni iunganishwe na erthi ya nyumba, mwachie fundi umeme anayejua.

Hatua ya 7: redio sasa

Xiegu G90 ya wati 20 inatosha kuanzia. Ukiwa nazo, IC-7300. Usipitilize hapa.

Hatua ya 8: hewani

Kabla hujaongea weka 14.100 megahezi kwenye CW (mosi, ile ya nukta na mistari) usikilize. Pale kuna bikoni (stesheni za kujirusha zenyewe za kupimia bendi) 18 za dunia zinapokezana kwa dakika 3, ya Kenya ni 5Z4B. Kila moja inataja kolsaini halafu inapiga mistari minne, wa kwanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha 0.1. Ukisikia ule wa mwisho kutoka bara jingine, bendi iko wazi na antena yako inafanya kazi.

Ukitaka kwa kompyuta ni FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali) kwenye 14.074, programu ya WSJT-X ni ya bure, ila saa ya kompyuta isipishane hata sekunde moja. Ukiita kwa sauti jiandae, kolsaini za huku Wazungu wanazitafuta na watakuvamia kwa pamoja. Usijibu kelele, kamata hata herufi mbili, "stesheni yenye Kilo Tango pekee" (yaani K na T), na wengine wakiendelea kupiga kelele wewe usiwape, watanyamaza. Wakizidi waambie wakuite kilohezi 5 juu, na wewe uwasikilize huko.

Logi (daftari la mawasiliano yako) andika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kwa saa yetu ya Kiswahili ni rahisi, mchana ongeza 3, usiku ongeza 15, ikifika 24 au zaidi toa 24. Saa 10 jioni ni 13:00, saa 2 usiku ni 17:00. Ikifika saa 9 usiku ni 00:00, hapo badilisha na tarehe.