Kuchagua Uzi na Kushona Jeraha la Ngozi

Kabla ya kufungua pakiti ya uzi, mhudumu wa afya aamue kwanza kama jeraha linafaa kushonwa siku hiyo. Majeraha mengi ya kuumwa na mnyama, yaliyojaa uchafu au yaliyoanza kutoa usaha, yakifungwa mapema hufungia vijidudu ndani. Ni heri yasafishwe, yafunikwe kwa shashi, kisha yashonwe baada ya siku 3 hadi 5 yakionekana safi. Jeraha linalofaa lioshwe kwa maji mengi ya chumvi ya hospitali, na kinga ya pepopunda ya mgonjwa iulizwe. Hisia na uwezo wa kusogeza sehemu iliyo mbele ya jeraha, kuelekea vidoleni, vipimwe kabla ya kuchoma ganzi, kwa sababu ganzi ikishashika huwezi tena kujua kama neva imekatika.

Uzi huchaguliwa kwa kuangalia tishu itahitaji kushikiliwa kwa muda gani. Tishu za chini ya ngozi hushonwa kwa uzi unaoyeyuka mwilini, kama poliglaktini 910, ijulikanayo zaidi kama Vicryl, ambayo hubaki na takriban nusu ya nguvu yake katika wiki ya 3 na kuyeyuka kabisa baada ya siku 56 hadi 70. Utando mgumu wa ukuta wa tumbo hupona polepole, hivyo hutaka uzi unaodumu zaidi, kama polidioksanoni, ambayo huchukua takriban miezi 6 kuyeyuka. Kwa ngozi yenyewe, nailoni au polipropilini ndiyo chaguo langu la kwanza: haziyeyuki, na kwa kuwa ni uzi mmoja usiosokotwa, hazivuti majimaji na bakteria kuingia ndani. Hariri hushika fundo vizuri sana, lakini ni ya kusokotwa, na sishauri itumike penye hofu ya maambukizi.

Unene husomwa kwa sufuri: kadiri zinavyozidi ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Uso hushonwa kwa 5-0 (yaani sufuri tano) au 6-0, mikono na miguu kwa 4-0, na ngozi ya kichwa kwa 3-0 au 4-0. Sindano ya ngozi iwe yenye makali. Yenye mwili wa mviringo, isiyo na makali pembeni, ni ya tishu laini kama utumbo.

Sindano ishikwe kwa koleo lake theluthi mbili kutoka nchani, iingie kwenye ngozi wima kabisa, kisha kiganja kizungushwe ili ifuate mkunjo wake yenyewe. Ikisukumwa moja kwa moja hupinda na kuchana ngozi. Itoke upande wa pili kwa umbali na kina kile kile ilichoingilia, na kingo zinyanyuke kidogo kuelekea nje, kwani zikijikunja ndani hazitaungana vema na kovu litabonyea. Nailoni huteleza, kwa hiyo funga mafundo 4 au 5, ukibadilisha mwelekeo kila mara, na ulaze fundo pembeni mwa jeraha. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kukaza mno: ngozi ikibadilika kuwa nyeupe chini ya uzi, damu haipiti, na mshono huo ufunguliwe urudiwe. Kingo zinatakiwa kugusana tu, maana jeraha litavimba kesho yake na uzi utajikaza wenyewe.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 3 hadi 5, za kichwani na kiwiliwili siku 7 hadi 10, za mikono na miguu siku 10 hadi 14, na za juu ya viungo hadi siku 14. Inua fundo, kata uzi karibu kabisa na ngozi ili sehemu iliyokuwa nje isipite ndani ya jeraha, kisha vuta kuelekea kwenye mstari wa jeraha, si kinyume chake. Wakati huo ngozi bado ina sehemu ndogo tu ya nguvu zake za awali, hivyo mgonjwa aelezwe kutoivuta wala kunyanyua mizigo kwa wiki kadhaa, na penye shaka kingo zishikizwe kwa vipande vya plasta.