Kabla hujaanza kujaza risasi zako mwenyewe

Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore. Siku ya kwenda porini alikaa peke yake chini ya mwembe, akapima baruti, akaimimina mtutuni na kushindilia taratibu. Hakutaka mtu amsemeshe mpaka amalize. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni ukali tu.

Sasa naishi Montana, Marekani, na kila Novemba nawinda kulungu kwa bunduki aina ya Savage 99 niliyouziwa na mzee jirani yangu alipoacha kuwinda. Inatumia risasi ya .300 Savage, ambayo ilitoka mwaka 1920 na siku hizi maduka mengi hayaiweki. Mwaka 2020 na 2021 risasi zilipoadimika nchi nzima, nilizunguka maduka hadi msimu ukakaribia bila kupata hata kasha moja. Mzee akanifungulia banda lake, akanionyesha mashine ya kujazia na debe la maganda matupu. Ndipo nilipoanza kujaza risasi mwenyewe, yaani kulitia ganda lililokwisha kupigwa fataki mpya (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti, na kichwa, kile kinachoruka.

Wengi huanza kwa sababu kama hiyo, au kwa kufikiri wataokoa pesa. Ganda ndilo ghali kuliko sehemu nyingine za risasi, na hutumika tena, kwa hiyo kila risasi hugharimu pungufu kweli. Lakini utanunua vifaa, kisha utalenga shabaha mara nyingi zaidi kuliko zamani. Usianze kwa ajili ya pesa. Anza kama unataka bunduki yako ipate risasi inayoipenda na mnyama afe kwa risasi moja bila kuteseka. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kabisa: hii inakusanya matundu pamoja, ile inayatawanya kwa risasi zilezile.

Mimi nina sababu nyingine, nayo ni watoto wangu wanaokula nyama ile. Kichwa cha risasi cha madini ya risasi hupasuka vipandevipande ndani ya mnyama. California imepiga marufuku kuwindia risasi za namna hiyo jimbo zima tangu Julai 1, 2019, kwa kuwa tai wakubwa waitwao kondori walikuwa wakila mabaki na kusumika. Montana hailazimishi, ila mimi natumia vichwa vya shaba nyekundu tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu na hula nafasi ya baruti. Usichukue kipimo cha kichwa kimoja ukakitumia kwa kingine. Fuata kitabu cha watengenezaji kwa kichwa na baruti hiyohiyo, anzia kiwango cha chini, wala usipite cha juu. Kipimo cha rafiki, hata awe mzoefu vipi, kiache.

Kazi yenyewe ina hatua chache. Safisha ganda, lipake mafuta kidogo, lipitishe kwenye kalibu lirudi umbo lake na fataki iliyotumika itoke. Pima urefu, kata lililozidi. Weka fataki mpya, pima baruti, kaza kichwa. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni gramu 0.065 tu, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai hata kidogo. Mezani weka kopo moja la baruti, lile unalotumia. Vaa miwani, nawa mikono ukimaliza.

Kwenye ganda ndipo nakaa sana. Komeo la Savage 99 hujifunga upande wa nyuma na hunepa kidogo risasi ikilipuka, hivyo maganda yake hurefuka haraka kuliko ya bunduki nyingi. Ninakunja ncha ya kibanio cha karatasi, naiingiza ndani na kuikwaruza ukutani kuelekea kitako. Ncha ikidumbukia kwenye kijifereji, au nje nikiona mstari unaong'aa ukizunguka karibu na kitako, ganda hilo nalikunja kwa koleo nalitupa. Likikatika ndani ya bunduki, gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni.

Mwaka wangu wa pili simu iliita nikiwa katikati ya kujaza. Nilipokea, nikarudi, nikaendelea. Kwenye uwanja wa shabaha risasi ya saba ikatoa sauti ndogo, "pap", bila kishindo. Nilishusha bunduki, nikaitoa risasi zote, nikachungulia mtutu: giza. Ganda halikuwa na baruti, na fataki peke yake ilikuwa imesukuma kichwa kikakwama mtutuni. Ningepiga ya nane, mtutu ungeweza kupasuka mikononi mwangu. Tangu siku hiyo simu inabaki ndani, na kabla ya kukaza kichwa chochote napanga maganda yote 50 kwenye kibao na kumulika kila moja kwa tochi, baruti zilingane kimo. Hapo ndipo nilipomwelewa babu.

Sheria za Marekani zinakuruhusu kujaza za kwako. Kuuza kunahitaji leseni ya serikali kuu. Anayesoma akiwa Tanzania ajue kwamba kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.

Wiki moja kabla ya msimu, nenda uwanjani, elekeza mtutu kwenye tuta, upitishe kila risasi ya kuwindia chembani na kuitoa. Itakayosita, iache nyumbani.